Kutoa Data ya Uchachushaji: Kutoka Kibuyuni Hadi Hazina ya Wazi

Mwongozo huu ni wa mtu anayepima mursik (maziwa ya Wakalenjin yanayochachushwa kibuyuni), maziwa lala, uji mchachu au busaa (pombe ya nafaka), awe kwenye maabara Njoro, Maseno au Kakamega, awe kwenye jiko la kikundi cha akina mama, na anayetaka vipimo vyake viwafae watu asiowajua. Lengo ni moja: msomaji afungue folda yako miaka 5 baadaye, aelewe ulichofanya na chombo ulichokitumia, kisha arudie kazi hiyo bila kukupigia simu.

Data ya uchachushaji ina ugumu wake. Chakula hakitulii. Kinabadilika ukiwa unakipima, kinabadilishwa na chombo kilichokishika, na chombo chenyewe kinabadilika kwa sababu ya chakula. Kwa hiyo anayetoa pH, yaani kipimo cha uchachu, peke yake ametoa nusu ya habari.

Hatua ya 1: Kipe kila chombo kitambulisho kabla ya kumimina chochote

Andika alama ya kudumu kwenye kibuyu, chungu au mtungi, na alama hiyo hiyo iingie kwenye kila mstari wa data. NJ-K03 inaweza kumaanisha Njoro, kibuyu, cha tatu. Sampuli inayotoka humo iwe na alama yake: NJ-K03-S05, yaani sampuli ya tano kutoka kibuyu hicho.

Hili linaonekana dogo, lakini hapa ndipo makosa makubwa ya takwimu yanapozaliwa. Ukichukua vibuyu 3 na kupima kila kimoja mara 4 ndani ya saa moja, hujapata vipimo 12 vinavyojitegemea. Una vibuyu 3. Vipimo 4 vya kibuyu kimoja vinakuonyesha jinsi kipima pH chako kinavyoyumba, wala havikuonyeshi jinsi vibuyu vinavyotofautiana. Asiyetenganisha safu ya chombo na safu ya sampuli humfanya msomaji aamini tofauti ambayo haipo. Tumia vyombo visivyopungua 3 kwa kila aina unayoilinganisha. 5 ni bora, maana kibuyu hupasuka.

Amua pia utachota vipi. Ukitoa mililita 20 mara 8 kutoka kibuyu cha lita 1, umepunguza mililita 160 na kuongeza nafasi ya hewa juu ya maziwa, na kila ulipofungua kizibo umeingiza oksijeni mpya. Njia iliyo safi zaidi ni kuandaa vyombo vingi vidogo na kufungua kimoja kwa kila saa ya kupima, kisha unakiweka kando. Ikiwa vibuyu havitoshi, chota, lakini andika kiasi ulichotoa kila mara kwenye safu yake.

Hatua ya 2: Pima chombo kama unavyopima chakula

Hapa ndipo watu wa chakula na watu wa malighafi za vyombo wanapokutana, na ndipo data ya mursik inapokuwa hazina kweli au inapokuwa karatasi tu. Kibuyu, ambacho Wakalenjin hukiita sotet, ni tunda lililokaushwa la mmea wa Lagenaria siceraria. Ukuta wake una vinyweleo. Unanywa maji, unapitisha mvuke, na ndani ya vinyweleo hivyo hubaki bakteria wa mikupuo iliyopita hata baada ya kuoshwa. Kibuyu kilichotumika miaka 2 na kipya kilichotoka shambani ni vyombo viwili tofauti.

Kwa kila chombo andika haya:

- Uzito kikiwa kikavu, kwa gramu.
- Ujazo. Usikadirie kwa macho. Kijaze maji hadi shingoni, pima uzito, toa uzito wa chombo. Gramu 1 ya maji ni takriban mililita 1.
- Maji kinayonyonya. Kiache ndani ya maji saa 24, kifute kwa kitambaa, kipime tena. Toa uzito wa kikavu kwenye uzito wa kilicholowa, gawanya kwa uzito wa kikavu, zidisha kwa 100. Kibuyu cha gramu 310 kikifika gramu 372 kimenyonya asilimia 20. Fanya zoezi hili kwa vyombo vya akiba vya aina ile ile, kwa sababu kuloweka kwa siku nzima hubadili kile utakachokitumia.
- Unene wa ukuta shingoni, tumboni na kitakoni, kwa kalipa. Kwa vibuyu kipimo hiki huja mwisho, maana ni lazima ukate.
- Historia yake: kimetumika mara ngapi, kilioshwa kwa nini, kilikauka juani au moshini, kwa siku ngapi.

Kisha mkaa. Kibuyu cha mursik hupakwa ndani mkaa wa kijinga cha mti, mara nyingi senetwet, yaani Senna didymobotrya, lakini familia nyingine hutumia miti mingine. Andika jina la mti kwa lugha ya mwenyeji, na jina la kisayansi baada ya kuuhakikisha kwa tawi lenye maua au maganda. Jina la nyumbani peke yake halitoshi, kwani linaweza kuhama kutoka mti mmoja kwenda mwingine ukivuka vilima viwili. Pima mkaa: pima kijiti kabla ya kusugua na baada ya kusugua, tofauti ndiyo iliyobaki ukutani. "Mkaa kidogo" si kipimo. Andika pia kama kijiti kilisuguliwa kikiwa na moto au kimepoa, na kama unga uliomwagika ulikung'utwa nje.

Kwa plastiki tafuta nambari iliyo ndani ya pembetatu kitakoni: 1 ni PET, 2 ni HDPE, 5 ni PP. Mtungi wa mafuta ya kupikia uliotumika tena uandikwe hivyo hivyo, pamoja na kilichokuwamo awali, kwa kuwa mafuta na harufu huingia kwenye plastiki na sabuni haivitoi vyote. Kwa sufuria, tofautisha alumini na chuma kisichoshika kutu. Chakula kikishuka hadi pH 4 na kulala kwenye alumini usiku kucha, metali huanza kuyeyukia ndani yake, na mtu atakayepima madini baadaye atashangaa.

Jambo moja zaidi ambalo husahaulika: umbo. Chombo kikubwa kina ukuta mdogo kwa kila lita kuliko kidogo. Ukiongeza vipimo vyote vya umbo mara mbili, eneo la ukuta kwa kila lita hupungua hadi nusu. Kwa hiyo matokeo ya kibuyu cha lita 1 hayalinganishwi moja kwa moja na mtungi wa lita 20, hata kama maziwa yalitoka kwa ng'ombe mmoja.

Hatua ya 3: Taja malighafi bila utata

Nafaka zina mtego wa majina. Wimbi ni Eleusine coracana, mtama ni Sorghum bicolor, mawele ni mmea mwingine tena. Kwa Kijaluo wimbi ni kal na mtama ni bel. Muuzaji sokoni Kibuye anaweza kukupa unga uliochanganywa wa uji, wenye wimbi, mahindi na muhogo, na ukauandika "unga wa wimbi". Nunua nafaka nzima, tazama punje, saga mwenyewe au usimame kwenye posho mill ikisagwa. Mashine yenyewe hubaki na unga wa mteja aliyetangulia, kwa hiyo tupa kilo ya kwanza au uipe matumizi mengine.

Gorogoro, kasuku na debe ni vipimo vya ujazo. Viandike kama mwenyeji alivyovitumia, kisha weka gramu kando yake. Gorogoro la mahindi makavu na la unga wa wimbi havina uzito mmoja, na namna ya kujaza, ya kusawazisha au ya kilima, hubadili tena. Kwa busaa andika kimea kando: nafaka iliyoota, siku za kuota, namna ilivyokaushwa, uwiano wake na unga wa mahindi uliokaangwa.

Maziwa "yaliyochemshwa" nayo yanataka maelezo. Nakuru mjini ni mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 94 za Selsiasi. Kisumu, kando ya ziwa, huchemka karibu na 96. Msomaji wa Mombasa anawaza 100. Andika joto ulilolisoma na dakika ulizolishikilia, usitegemee neno "kuchemka" likufanyie kazi hiyo.

Hatua ya 4: Saa

Kosa hili ni letu wenyewe, na vitabu vya kigeni havilitaji. Msaidizi anaandika daftarini "saa 2", akimaanisha saa mbili asubuhi. Anayeingiza kwenye kompyuta anaandika 02:00. Mkunjo wa pH unasogea saa 6, na uchachushaji unaonekana kuanza kabla ya maziwa kumiminwa. Ukiona kwenye data yako pH 6.6 imeganda kwa saa 6 na zaidi kisha ghafla imeporomoka, shuku saa kabla hujashuku bakteria.

Dawa yake: daftarini andika kila mara kwa mtindo wa tarakimu nne wa saa 24, na ubandike kwenye ukuta wa maabara kibao hiki:

saa 1 asubuhi = 07:00
saa 6 mchana = 12:00
saa 12 jioni = 18:00
saa 6 usiku = 00:00, na tarehe inabadilika

Mstari wa mwisho una uzito wake. Sampuli ya saa 8 usiku wa kuamkia Jumanne ni ya Jumanne, saa 02:00. Tarehe iandikwe mwaka kwanza, mwezi, siku: 2025-04-03. Ukiandika 3/4/2025, mtu wa Marekani atasoma tarehe 4 Machi. Ongeza +03:00 mwishoni kuonyesha saa za Afrika Mashariki, na uwe na safu ya pili ya saa zilizopita tangu kuanza. Safu hiyo ndiyo watu watakayochorea mikunjo.

Hatua ya 5: pH na asidi, pamoja na ushahidi wa kipimo

Maziwa mabichi huwa kati ya pH 6.6 na 6.8, na mursik iliyoiva hushuka hadi karibu na 4 au chini yake. Rekebisha kipima pH kwa bafa (mimumunyo yenye pH inayojulikana) za 7.00 na 4.01 kila asubuhi, na utunze rekodi ya urekebishaji: tarehe, bafa, joto, na mteremko wa elektrodi. Kwa nadharia mteremko ni milivolti 59.16 kwa kila pH kwenye nyuzi 25. Elektrodi inayotoa asilimia 95 hadi 102 ya kiasi hicho ni nzima. Ikianguka chini ya 90, data ya siku hiyo iwekewe alama ya shaka, isifutwe.

Protini na mafuta ya maziwa hufunga kiwambo cha elektrodi. Dalili ni namba inayotambaa polepole isitulie hata baada ya dakika 2. Ioshe kwa mchanganyiko wa pepsini na asidi ya hidrokloriki, uisuuze, kisha irudishe kwenye kloridi ya potasiamu ya moli 3 kwa lita. Usiihifadhi ndani ya maji yaliyotoneshwa; yanainyonya chumvi yake ya ndani.

Kwa asidi ya jumla, pima gramu 10 za sampuli, ongeza maji yaliyotoneshwa, kisha tonesha hidroksidi ya sodiamu ya moli 0.1 kwa lita hadi fenolfthaleini, kiashiria cha rangi, igeuke waridi. Mililita 1 ya mmumunyo huo inalingana na gramu 0.009 za asidi ya laktiki. Ukitumia mililita 8.5, asidi ni 8.5 × 0.009 = gramu 0.0765 ndani ya gramu 10, yaani asilimia 0.77.

Sasa angalia palipo na hatari. Hidroksidi ya sodiamu hunyonya kaboni dioksidi kutoka hewani na kupoteza nguvu. Chupa iliyoandikwa 0.1 inaweza kuwa imeshuka hadi 0.094 baada ya kufunguliwa mara nyingi. Kwa mililita zile zile 8.5, asidi ya kweli ni asilimia 0.72. Umeongeza asidi isiyokuwapo, na kila sampuli ya wiki hiyo imebeba kosa hilo. Kwa hiyo pima nguvu ya mmumunyo kila wiki kwa hidrojeni ftalati ya potasiamu iliyokaushwa: gramu 0.408 zinahitaji mililita 20 za mmumunyo wa moli 0.1 kamili. Katika data toa safu tatu: gramu za sampuli, mililita zilizotumika, na nguvu iliyopimwa. Ukitoa asilimia peke yake, hakuna atakayeweza kusahihisha.

Uji wa wimbi na busaa ni vya kahawia, na waridi la fenolfthaleini halionekani humo. Usilazimishe macho. Tumia kipima pH na usimame kwenye 8.2, kisha andika kwenye safu ya mbinu kwamba ndivyo ulivyofanya. Sampuli zilizosimamishwa kwa rangi na zilizosimamishwa kwa pH zisichanganywe chini ya jina moja.

Kiwango cha pombe cha busaa kwa haidromita hakiaminiki, kwani chembe za unga zinazoelea huinua kipimo. Chemsha kwanza, upoze mvuke wake uwe kimiminika, kisha pima kimiminika hicho.

Hatua ya 6: Joto

Weka kirekodi joto kimoja ndani ya chakula na kingine nje, kila dakika 10 au 15. Usiandike "joto la chumba". Chumba cha Kisumu na chumba cha Njoro mwezi Julai ni nchi mbili tofauti kwa bakteria. Umeme ukikatika na kiangulio (kabati la kutunza joto) kikapoa, kirekodi kitaonyesha. Wewe andika kwenye safu ya matukio saa ulipokatika na uliporudi. Usiifute siku hiyo. Mtafiti mwingine anaweza kuihitaji kuliko siku zako zote nzuri.

Hatua ya 7: Hesabu za vijidudu

Toa idadi ya makoloni (vishada vya vijidudu vilivyoota kwenye sahani) uliyoyahesabu, dilusheni (sampuli ilizimuliwa mara ngapi) na ujazo uliopakwa, siyo logi peke yake. Kwa mfano, makoloni 84 kutoka mililita 0.1 ya dilusheni ya milioni moja (10⁻⁶) kwenye agari ya MRS (chakula cha kuoteshea bakteria wa asidi ya laktiki) ni 84 ÷ (0.1 × 10⁻⁶) = 8.4 × 10⁸ kwa gramu, logi 8.92. Sahani zenye makoloni chini ya 25 au zaidi ya 250 ziandikwe zilivyo, na alama kando.

Sahani tupu haimaanishi sifuri. Ikiwa ulipaka mililita 0.1 ya dilusheni ya kumi, koloni moja lingekuwa vijidudu 100 kwa gramu, kwa hiyo jibu ni "chini ya 100". Weka 100 kwenye safu ya thamani na herufi C kwenye safu ya alama. Ukiandika 0 utaharibu wastani wa kila mtu atakayekuja baada yako, na logi ya sifuri haipo kabisa.

Majina ya bakteria yana tarehe. Mwaka 2020 jenasi kubwa ya Lactobacillus iligawanywa kuwa jenasi 25, na Lactobacillus plantarum ikawa Lactiplantibacillus plantarum. Andika jina kama lilivyotolewa na kifaa au hifadhidata yako, na toleo la hifadhidata hiyo. Ikiwa ulitambua kwa jeni ya 16S peke yake, usidai spishi pale ambapo jeni hiyo haitofautishi. Plantarum na pentosus hufanana mno humo. Mfuatano wa DNA wenyewe upelekwe kwenye hifadhidata za kimataifa kama ENA au SRA, na nambari utakayopewa iingie kwenye jedwali lako mbele ya kitambulisho cha chombo.

Hatua ya 8: Jedwali

Mstari mmoja, kipimo kimoja cha wakati mmoja. Mfano wa umbo tu:

chombo,sampuli,wakati,saa_tangu,pH,joto_C,alama
NJ-K03,NJ-K03-S01,2025-04-03T08:10+03:00,0.0,6.64,21.8,
NJ-K03,NJ-K03-S02,2025-04-03T14:05+03:00,5.9,6.31,23.0,
NJ-K03,NJ-K03-S03,2025-04-03T20:15+03:00,12.1,5.42,21.1,U

Herufi U imefafanuliwa kwenye jedwali la alama: umeme ulikatika. Maelezo ya chombo hayarudiwi hapa. Yako kwenye faili la pili, vyombo.csv (CSV ni jedwali la maandishi matupu, safu zikitengwa kwa mkato), yakiunganishwa na kitambulisho. La tatu ni malighafi.csv. La nne ni maana_ya_safu.csv, lenye jina la kila safu, kipimo chake na njia iliyotumika.

Rangi hazisafiri. Ukipaka seli njano kuonyesha kipimo cha shaka, rangi itapotea faili likigeuzwa kuwa CSV. Tumia safu ya alama. Seli tupu iwe na maana moja tu: hakikupimwa.

Programu za lahajedwali hujifanya kujua zaidi yako. Kitambulisho 1-2 hugeuzwa kuwa tarehe. Kitambulisho 10E5 husomwa kama namba 1,000,000. Ndiyo maana kitambulisho kianze na herufi na kisifanane na namba. Tatizo jingine liko kwenye kibodi: "ng'ombe" aliyeandikwa kwa simu anaweza kuwa na kiapostrofi kilichopinda, na aliyeandikwa kwa kompyuta ana kilichonyooka. Jicho halioni tofauti, lakini programu itahesabu aina mbili za maziwa. Tumia misimbo mifupi, kama MZ_N kwa maziwa ya ng'ombe na MZ_M kwa ya mbuzi, na maana yake iwe kwenye faili la nne. Hifadhi kila kitu kwa UTF-8, msimbo wa herufi unaosomwa na kompyuta zote.

Data ghafi isiguswe. Faili kutoka kirekodi joto, picha za kurasa za daftari, na matokeo ya mashine vikae kwenye folda yake, na masahihisho yafanyike kwenye nakala kwa programu inayoweza kusomwa, iwe R au Python, ili kila badiliko lionekane.

Hatua ya 9: Faili la SOMA_KWANZA

Kurasa mbili za maandishi ya kawaida, kwa Kiswahili na Kiingereza: nini kilipimwa, wapi, lini, kwa vifaa gani, faili gani lina nini, na kasoro zipi unazijua. Sehemu ya kasoro ndiyo ya thamani. Andika wazi: "Kibuyu NJ-K04 kilivuja kuanzia saa ya 18, usikitumie kwa upotevu wa maji." Anayesoma sentensi kama hiyo huiamini data iliyobaki.

Kisha fanya jaribio. Mpe folda mwenzako ambaye hakuwa kwenye kazi hiyo, umwombe achore mkunjo wa pH wa chombo kimoja na kukokotoa asidi ya sampuli moja. Ukae kimya. Kila swali atakalouliza ni sentensi inayokosekana kwenye SOMA_KWANZA.

Hatua ya 10: Idhini, kabla ya kubonyeza chochote

Mursik na busaa ni maarifa ya watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Matamshi ya Kitamaduni ya mwaka 2016, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Utafiti wenyewe unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ukichukua vijidudu kutoka kibuyu cha mama wa Bomet au Nandi kwa ajili ya utafiti wa kijenetiki, kuna kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2006 kuhusu ufikiaji na mgawanyo wa manufaa, na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa jambo hilo hilo, inayofanya kazi tangu Oktoba 2014. Ulizia kibali mapema. Kinachukua muda, na hakiombwi baada ya sampuli kuvuka mpaka.

Mweleze mwenye kibuyu, kwa lugha anayoielewa, kwamba data ikishawekwa wazi haiwezi kurudishwa. Swali la "ulikubali kuhojiwa?" na la "ulikubali maelezo yako yasomwe na dunia nzima?" ni maswali mawili, na kila moja linahitaji jibu lake. Muulize pia angependa jamii yake itajwe vipi. Ondoa majina na nambari za simu. Viwianishi vya nyumba vipunguzwe hadi desimali 2, sawa na takriban kilomita 1. Na ukumbuke picha: simu huficha viwianishi kamili ndani ya faili la picha, kwa hiyo vifute. Kama familia ina siri ya mkaa au ya dawa wanayochanganya, na wamesema isitoke, isitoke.

Hatua ya 11: Kuweka hazinani

Kiungo cha Google Drive hufa na akaunti ya mwanafunzi. Tumia hazina, yaani tovuti ya kuhifadhi data, inayotoa DOI (anwani ya kudumu ya rekodi). Zenodo, inayoendeshwa na CERN tangu 2013, ni ya bure na hupokea hadi gigabaiti 50 kwa kila rekodi, na ina uwanja wa majaribio ambamo unaweza kufanya makosa bila kuchapisha. Chuo chako kikiwa na hazina yake, weka huko pia na uunganishe rekodi hizo mbili.

Chagua leseni. CC BY 4.0 inaruhusu matumizi yote mradi utajwe. CC0 inaachia kila kitu. Kwa data yenye maarifa ya jamii CC BY ndiyo inayofaa, na jina la jamii liingie kwenye maneno ya kutaja, ikiwa wamekubali. Jaza ORCID (nambari ya utambulisho wa mtafiti) za wote waliofanya kazi, pamoja na fundi wa maabara aliyeamka usiku kupima. Maneno ya utafutaji yaandikwe kwa lugha zote: mursik, maziwa ya kuchacha, kibuyu, Lagenaria siceraria. Data isiyopatikana ikitafutwa kwa jina la nyumbani imewafungia mlango wenye nayo.

Bando likiwa dogo, pakia usiku, faili za CSV zikiwa zimebanwa, na mfuatano wa DNA ukae ENA badala ya kurudiwa hapa. Baada ya kupakia, pakua nakala kwenye kompyuta nyingine na ulinganishe alama ya MD5 (mfululizo wa herufi unaokokotolewa kutoka faili) ambayo Zenodo huonyesha kando ya kila faili na ile ya faili lako. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili limeharibika njiani.

Ukigundua kosa baada ya kuchapisha, usitoe rekodi mpya isiyohusiana na ya zamani, wala usimtumie kila mtu barua pepe yenye faili "sahihi". Fungua toleo la 2 ndani ya rekodi ile ile. Zenodo hulipatia toleo hilo DOI yake, huku DOI ya jumla ikimpeleka msomaji kwenye toleo la karibuni. Kwenye SOMA_KWANZA ongeza mistari miwili: kipi kimebadilika, na ni matokeo gani yanaguswa. Mfano: "Toleo la 2: saa za NJ-K01 hadi NJ-K03 za tarehe 2025-04-05 zilikuwa zimeandikwa kwa saa za Kiswahili, zimesogezwa saa 6 mbele. Mchoro wa 2 unabadilika, jedwali la asidi halibadiliki."